Shemeji Kwenye Baiskeli ya Marehemu

Mimi mbwa siwapendi, niseme ukweli. Huyu Bosi, mbwa wa kaka yangu, alishanichania suruali, na kaka mwenyewe, badala ya kunipa pole, alicheka mpaka akakaa chini. Lakini kaka alipofariki, sisi wengine tulilia tukala. Bosi hakula.

Kaka alikuwa akisambaza magazeti kwa baiskeli, na Bosi akikimbia ubavuni mwake kila asubuhi. Sasa mbwa alishinda amelala mlangoni, mbavu zote nje. Daktari wa mifugo akamwambia shemeji yangu, mke wa marehemu, "Mama, huyu haumwi. Amezoea kukimbia na baiskeli. Mkimbize, la sivyo utampoteza naye."

Shemeji ni fundi cherehani. Baiskeli alikuwa haijui ng'o. Akaja kibandani kwangu, ninapotengeneza baiskeli za watu, akiikokota ile ya kaka.

"Shem, nifundishe."

"Kwa umri huo? Ukivunjika kiuno, nani atanishonea suruali anazochana mbwa wako?"

"Nifundishe, bwana. Nimeshazika mmoja. Wa pili siwezi."

Nikachukua spana, nikafunga kibanda.

Tulianzia kwenye uwanja nyuma ya ghala. Nilishusha kiti ili miguu yake ifike chini, nikamwambia ajisukume kwanza, pedali aachane nazo. Akaanguka. Akaanguka tena, akatoa tusi ambalo sikudhani analijua. Muuza duka wa jirani akacheka, akamwita shemeji "dereva". "Cheka tu," akamjibu, "na suruali yako utaishona mwenyewe!" Ikafika siku akakata kona bila kugusa chini, nami nikapiga makofi kama mjinga.

Ndipo tukamleta Bosi. Nilimwonya shemeji asifunge kamba kwenye usukani, maana mbwa akikata kona ghafla wataanguka wote. Aishike mkononi, na mbwa awe upande wa mbali na magari. Bosi alipoiona baiskeli aliruka kwa furaha. Akanusa gurudumu, akanusa kiti. Kisha akamnusa shemeji, akatazama barabara tuliyotokea, akakaa chini. Tukambembeleza, tukamvuta, wapi! Kesho yake ikawa vilevile, na safari hii kurudi nyumbani nilimbeba. Alikuwa mwepesi mpaka nikaogopa.

Nikaitazama vizuri ile baiskeli. Kumbe shemeji, kwa ufundi wake, alikuwa amekishonea kiti kava jipya, la zamani akalitupa. Vishikio navyo amevivalisha kitambaa kizuri, chenye nakshi.

"Shemeji, umeipamba mpaka umemfuta mwenyewe," nikamwambia. "Mbwa anatafuta harufu yake. Huna nguo ya kaka iliyobaki?"

Nguo za kaka tulishagawana ndugu, zikafuliwa. Shemeji akaingia chumbani, akatoka na koti la kazi la marehemu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo.

"Hili sikulifua," alisema. "Kila jioni nafungua kidogo, nanusa, nafunga haraka. Harufu inaanza kuisha, shem. Nikilivaa kwenye jua hili, na jasho langu..." Machozi yakamtoka.

Iliniuma sana. "Basi usilivae. Ni mbwa tu, shemeji."

"Kaka yako angeniuliza nimemfanya nini mbwa wake." Akalifungua fundo, akalivaa koti. Mikono ilimpita vidole.

Bosi akainuka. Alipepesuka, akaja, akazamisha pua kwenye lile koti, akalia kilio ambacho sijakisikia kwa mnyama. Shemeji akapanda baiskeli, nami nikawafuata nyuma kwa baiskeli nyingine. Alikwenda polepole, huku analia, na Bosi akajikokota kando yake, halafu akatembea, halafu akakimbia kidogo. Tulipumzika kila alipohema. Muuza duka alisimama mlangoni kwake, akavua kofia.

Tuliporudi Bosi alikunywa maji, akala, akasukuma bakuli kwa pua akitaka tena. Nilicheka peke yangu. Shemeji alikuwa amevua koti, mgongo wote umelowa jasho. Akajifunika nalo usoni, akavuta pumzi. Akaligeuza ndani nje, akavuta tena, akatafuta kwenye kola, akatafuta kwapani.

"Shem," akaniambia, "humu nimebaki mimi tu."