Sauti Niliyompa Steringi

Kabla ya kuja Guangzhou, huku China, kusoma, nilikuwa dijei wa banda la video huko Kahama. Si dijei wa muziki, wa filamu. Picha inakwenda, mimi nimekamata maikrofoni, nawasemea Wazungu kwa Kiswahili. Lugha zao sikujua hata salamu. Nilitazama midomo nikakisia, na nilipokwama nilibuni. Watu walinipenda kwa huko kubuni, na kichwa kilinivimba, nisiwafiche.

Filamu iliyojaza banda kuliko zote ilikuwa ya Kiitaliano, ya polisi, ya zamani. Inspekta mwenye masharubu anampiga mtuhumiwa hadi damu inaruka ukutani. Mtuhumiwa amefungwa kwenye kiti, midomo inamtetemeka. Huyo inspekta ndiye steringi, nyota wa picha, nikampa maneno yangu mwenyewe: "Anayekaa kimya ana kosa!" Weee! Banda zima lilisimama. Haikupita wiki, hata wauza nyanya sokoni walikuwa wanayasema.

Mwezi huu mhadhiri wetu wa filamu alituwekea filamu hiyohiyo darasani. Nilipoona yale masharubu nilicheka, nikamnong'oneza Mkenya niliyekaa naye kwamba hii naijua yote kwa kichwa. Kumbe sikujua kitu. Maandishi ya Kiingereza, lugha niliyojifunza baadaye, yalipita chini ya picha, na yule mtu wa kwenye kiti hakuwa kimya hata kidogo. Alikuwa anasema, tena na tena, sikuwepo, sikuwepo, mwulizeni mke wangu. Na mwishoni inajulikana kweli hakuwepo. Mwisho huo mimi nilikuwa naufunika kwa milio ya bunduki, ta-ta-ta, kwa mdomo wangu huu.

Kisha mhadhiri akatugawia maoni ya wahakiki wa enzi hizo. Wengine waliilaani filamu, kwamba inafundisha watu kupenda rungu. Wengine waliitetea, kwamba mwongozaji yuko upande wa yule wa kwenye kiti, ila mtazamaji lazima amsikilize. Tuandike kurasa mbili, nani ana haki? Wenzangu waliandika. Mimi nilikaa mbele ya ukurasa mtupu, namfikiria fundi redio wa kwetu Kahama.

Fundi redio alikuwa jirani yetu, mkubwa kwangu, na ana kigugumizi. Siku moja sokoni mtu alipiga kelele kwamba ameibiwa simu, na fundi alikuwa karibu, ameshika simu ya mteja wake. Vijana wakamzunguka. Hiyo ya nani? Neno likamkwama kooni. Mmoja wao akapaza sauti, kwa mbwembwe zangu kabisa: "Anayekaa kimya ana kosa!" Wakamvunja mkono wa kulia. Ile simu iliyodaiwa kuibwa ilikutwa nyumbani kwa mwenyewe, chini ya mto. Tangu siku hiyo fundi hajashika tena bisibisi.

Miaka yote nimejiambia, aah, ni wale vijana.

Hapa ninapata riziki kwa kuwafasiria wafanyabiashara wa kwetu. Jumamosi nilikuwa Shiling, kwenye karakana za ngozi, na mama mmoja aliyefuata mikoba. Alitaka ya kijani. Laoban, mwenye karakana, akatikisa kichwa: meiyou, hakuna. Mama akanigeukia, "Mwanangu, ndivyo alivyosema, au unaongeza chumvi?"

"Ndivyo, mama. Neno kwa neno."

Aliniamini palepale, na aibu ilinishika vibaya. Nilitoka nje, nikasimama katikati ya marobota ya ngozi, nikampigia fundi kwa video. Kwao ilikuwa asubuhi.

"Dogo! Wa-Wachina hawajambo?" Akacheka.

Nikamweleza yote: darasa, filamu, na yale maneno ambayo hakuna aliyeyasema isipokuwa mimi. Nikamwomba radhi. Akafungua mdomo, neno likakwama. Zamani ningemmalizia, maana dijei hawezi kuvumilia ukimya. Safari hii niliuma ulimi nikangoja.

"Ni ma-maneno ya picha tu, dogo," akasema mwishowe. "Hata mimi nili-niliyapenda."

Jamani, nilishusha pumzi. Nikaanza kumshukuru, akaniinulia ule mkono wake uliopinda, ninyamaze. Hakuwa amemaliza.

"Lakini si-siku ile nilikuona. Ulisimama pale kwa mwu-mwuza mkaa. Na unajua mimi si-sisemi haraka. Wewe ndiye u-uliyekuwa unawasemea watu wote." "Mbo-mbona mimi hukunisemea?"

Mama aliniita kutoka ndani, laoban ametoa bei ya mikoba mingine na hakuna wa kumfasiria. Fundi alikuwa bado ananitazama, ananingoja kwa subira.