Mlio wa Lori la Baba

Juzi, pale Bukene, lori lilipita tapeti, vile vyuma vidogo vya kusukuma valvu za injini, zikigonga, nami nikanusa tena oili ya moto na asali iliyomwagika kwenye bodi la lori la baba.

Mchana mmoja nikiwa mtoto, uani kwetu Kwihara, fundi alileta kemshafti mbili, mitaimbo ya kusukuma tapeti, baba achague moja ya kuiongezea injini ya lori nguvu. "Hii tapeti zake zinajazwa na oili, injini inatulia. Hii nyingine tapeti zake ni chuma kitupu, itapiga kelele, na utaiseti kila mara."

Baba akamgeukia mama. "Mama Kulwa, wasemaje?"

"Ya kelele. Nikusikie ukija."

Fundi alicheka. "Shemeji anakuvizia, kaka."

Nami niliamini hivyo, nikamwonea baba huruma. Sikuiwaza barabara ya Nzega na malori yaliyopinduka huko usiku, wala kwa nini mama, kila aliposikia tapeti zikigonga kule darajani, aliweka rozari chini na kubandika maji ya ugali.