Kabla Rangi Hajashika Rangi

Kazini kila mtu alimwita Rangi, na jina lilimkaa. Ungempa tovuti iliyochakaa asubuhi, mchana ameshaivika nguo mpya: picha zinang'aa, vitufe vinavutia, maandishi yamenyooka. Tatizo ni kwamba wenye tovuti walirudi baada ya muda wamenuna. Tovuti nzuri, walisema, lakini watu bado hawaoni wanachokitafuta.

Kwa hiyo kituo cha kuchangia damu kilipomwita, Fundi, mwenzake anayeandika programu, alimuwahi mlangoni.

"Dada, safari hii usichore chochote mpaka tujue watu wanakuja pale kutafuta nini."

"Na hii mikono niiweke wapi?"

"Itie mfukoni."

Rangi alicheka, ingawa moyoni alikuwa ameshaona wekundu wa kila aina. Daktari mkuu wa kituo alimzidishia hamu. Akiba ya damu ilikuwa imeshuka, na yeye alitaka tovuti ya kuvutia, tena upesi.

Siku ya kwanza Rangi aliketi mapokezi, kando ya muuguzi anayepokea simu. Alikaa kama amekalia miiba. Simu ikaita. "Hapana mama, usije na njaa." Ikaita tena. "Kula kwanza, baba, ndipo uje."

"Wanauliza hili tu?" Rangi akanong'ona.

"Hata ndotoni nalijibu," alisema muuguzi.

Rangi akaifungua tovuti ya zamani kwenye simu yake. Kulikuwa na historia ya kituo, hotuba, na daktari akipeana mikono na wageni. Habari ya kula, hata neno moja hakuna.

Hapo akaingia kijana mmoja, jasho linamtiririka. Hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana, akidhani damu ya mtu aliyekula haifai. Muuguzi akamkalisha, akampa maji na biskuti, akamwomba arudi siku nyingine. Kijana akaondoka kichwa chini.

Rangi alimsindikiza kwa macho, na wekundu wote ukamtoka akilini. Alirudi ofisini karibu kukimbia.

"Fundi, ile tovuti inafukuza watu!"

Tangu siku hiyo hakushikika. Walibandika vipande vya karatasi ukutani, kila kimoja na swali walilolisikia mapokezi, wakavipanga, wakavipangua, wakagombania kipi kitangulie. Rangi alisahau chai ikapoa. Hakujua kwamba kupanga nako kunaweza kumpandisha mtu mori namna ile.

Daktari alipopita alitazama ukuta, akamtazama yeye. "Mwanangu, rangi ziko wapi?"

"Bado, daktari. Nivumilie kidogo."

"Damu haivumilii."

Neno hilo lilimchoma. Jioni alikwenda nyumbani na mfano wa tovuti mpya walioutengeneza: kurasa za kijivu tupu, hazina picha, maswali na majibu basi. Akampa simu mama mkwe wake, ambaye siku zote husema mambo ya mitandao ni ya watoto.

"Mama, hebu tafuta kama wewe unaweza kuchangia damu."

Mama mkwe akaisogeza simu machoni, akabonyeza, akasoma midomo ikicheza, akabonyeza tena. Rangi alijizuia asimwelekeze, mpaka vidole vikamwuma kwa kukunja ngumi.

"Kumbe umri wangu bado unaruhusiwa," mama akasema. "Mbona hamkuniambia? Kesho nakwenda. Nikishakula."

Rangi akamkumbatia, nusura simu ianguke.

Kesho yake daktari alimkuta mama huyo kwenye foleni, akaelezwa na mwenyewe alivyofika pale. Hakuuliza tena habari za rangi. Zilipokuja, zilikuja haraka, maana kila kitu kilikuwa na mahali pake, na Rangi alipaka huku akiimba.

Siku chache baada ya tovuti kufunguliwa, muuguzi alimpigia simu. "Njooni mwone wenyewe."

Rangi na Fundi walikuta mabenchi yamejaa, wengine wanafuta mabaki ya mkate mdomoni. Daktari mkuu alikuwa anatoka chumba cha mikutano, amebeba viti kila mkono.

"Mmetuletea kazi," alisema, uso umemkunjuka.

Rangi akampokea viwili, akauliza vipangwe wapi.