Kivuli Hakina Shemeji

Maji yakiingia kwenye mfereji uliokauka hunuka kabla hayajaonekana. Ni harufu ya udongo mweusi wa mbuga ulioungua na jua, imechanganyika na samadi, majani makavu na kitu kinachofanana na chuma. Sisi watoto wa kijiji chetu, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Mhunze, tuliinusa tukiwa tumeinama majarubani, kwenye vitalu vya mpunga, tukajua kwamba mama yangu amefungua lango la lambo. Mfereji ulipita kwanza kwenye majaruba ya kichwani, letu likiwemo, kisha ukateremka hadi mkiani, ambako mpunga ulikunywa kile walichosaza wa juu. Mvua za Kishapu hazina ahadi. Mwaka ule zilikatika mapema, mpunga ukiwa haujafika hata magotini, na kijiji kizima kikabaki kinaliangalia lambo moja lililokuwa likipungua kila siku kama sufuria iliyosahauliwa motoni.

Mama alichaguliwa kuwa mgawa maji baada ya aliyemtangulia kuonekana akimwongezea maji shemeji yake. Watu walijaribu kwanza kutumia saa za simu, lakini kila simu ilikuwa na saa yake na kila mwenye simu aliapa kwamba yake ndiyo ya kweli. Ndipo wakarudi kwenye utaratibu wa wazee: fimbo ya mgunga iliyosimikwa kando ya lango, na jiwe jeupe chini, upande wake wa magharibi. Jua lilipochomoza, maji yalikwenda kichwani. Kivuli kilijikunja taratibu kadiri jua lilivyopanda, na ncha yake ilipogusa jiwe, mama aliyageuza maji yaende mkiani hadi magharibi. Aliyelalamika alijibiwa, "Kivuli hakina shemeji," watu wakacheka, wakarudi kwenye majembe yao. Fimbo yenyewe ilikuwa imepinda. Ng'ombe walijikuna kwayo miaka mingi hadi ikalalia mashariki kama mlevi, na jiwe lilipangwa kwa kufuata kulala kwake. Watu wazima wote walilijua hilo, kwa hiyo hakuna aliyelisema.

Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi, na sikuweza kuvumilia kitu kilichopinda. Ninasema hivi kwa aibu, maana ugonjwa huo ninao hadi leo. Nilipokosea herufi moja nilichana ukurasa mzima, kisha nikalia kwa sababu daftari limepungua. Nilipanga viatu mlangoni, nilipanga kuni, nilipanga michembe ya viazi juani kwa mistari hadi bibi akaniuliza kama inakwenda gwaride. Kila asubuhi nilipompelekea mama uji pale langoni, ile fimbo ilinikera kama jiwe ndani ya kiatu. Niliona inamwaibisha mama. Siku moja tukasikia kwamba bwana shamba atakuja kukagua mfereji. Mama na wenzake walikuwa wameteremka mferejini kuzoa matope. Nikabaki peke yangu langoni. Niliilegeza fimbo kwa mikono miwili, nikaisimamisha wima kabisa, nikafunga jicho moja kuihakiki, nikashindilia kokoto shinani na kuzimwagia udongo mbichi. Kisha nikapiga hatua kadhaa nyuma kuitazama, na nikajisikia vizuri kuliko nilivyowahi kujisikia katika maisha yangu yote.

Wa kwanza kuiona alikuwa Mzee Masanja, jirani yetu wa kichwani, mtu ambaye hakuweza kupita mahali bila kuacha mzaha. "He! Hata fimbo inamsubiri bwana shamba," alisema. "Imesimama kama mgambo!" Watu wakacheka. Mama alikuwa amezama kwenye matope hadi mapajani, hakuinua kichwa. Bwana shamba hakuja siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Fimbo ikabaki imenyooka, na baada ya siku mbili tatu macho ya watu yaliizoea. Lakini fimbo iliyosimama wima ilitupa kivuli mbali zaidi upande wa magharibi, na ncha yake ikawa inachelewa kurudi hadi kwenye jiwe. Kila siku sisi wa kichwani tulipata maji zaidi ya haki yetu, na kila siku wa mkiani walipunjwa.

Jaruba la mwisho kabisa lilikuwa la Mama Kulwa, mjane aliyekuwa akilea mapacha wake, Kulwa na Doto, kwa mpunga huo huo. Mpunga wake ulikuwa umebeba mimba, wakati ambao maji yakikosekana siku chache tu suke hutoka jeupe, halina kitu ndani. Baada ya wiki mbili alikuja langoni mchana kweupe, bonge la udongo uliopasuka amelifunga kwenye khanga. Hakusalimia. "Mama Sayi," alisema, "siku hizi maji yananifikia yamechoka. Yananilowesha visigino, yanalala."

"Kivuli hakina shemeji, Mama Kulwa," mama akajibu, na safari hii hakuna aliyecheka.

Mama Kulwa aliitazama fimbo kwa muda mrefu. "Hii ilikuwa inalala," alisema taratibu. "Nani ameiamsha?"

Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Mama aligeuka, akaiona fimbo kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza, na uso wake ukabadilika. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake na kikombe cha uji mkononi. Sentensi moja ingetosha. Nilikuwa na maneno yote, na katika shule yetu nilisifiwa kwa kusema vizuri. Nikasema, "Ni ng'ombe."

Mzee Masanja akaangua kicheko. "Mayu wee! Ng'ombe tangu lini akanyoosha fimbo? Ng'ombe huinamisha!" Wengine wakacheka naye, kisha kicheko kikakatika ghafla, kwa sababu kila mtu alikuwa amekwisha kufikiri. Kama si ng'ombe, ni mtu. Na jaruba la mama lilikuwa kichwani. Mama Kulwa alilifungua lile bonge la udongo, akaliweka miguuni pa mama, akasema, "Hata mtoto umemfundisha?" Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata hatua mbili, lakini aliyeangukia hapo hakuwa mimi.

Jioni ile ile walimvua mama kazi. Hakupatikana mwingine aliyeaminika, na tangu hapo aliyewahi lango ndiye aliyefungua. Wenye nguvu walitoboa mfereji wapendapo, kingo zikabomoka, na lambo likakauka kabla mpunga haujakomaa, wa kichwani na wa mkiani pia. Mama Kulwa alivuna mabua. Aliwalisha mbuzi mabua hayo wiki moja, kisha akafunga mizigo, akawachukua mapacha wakaenda machimboni Geita.

Sikuendelea na shule baada ya darasa la saba. Sasa ninashona nguo Kahama. Kushona nilijifunza kwa kufumua nguo za watu wengine nione zilivyounganishwa, na kuandika nimejifunza hivyo hivyo. Wateja husifu mishono yangu kwamba imenyooka. Hawajui ninavyoogopa wakisema hivyo. Mwaka jana nilikwenda kijijini, nikamwambia mama kila kitu. Alikuwa anachambua choroko, hakuacha kuchambua. Alisema tu, "Usiniambie mimi. Kamwambie Mama Kulwa."

Nikaenda Geita. Nilimkuta mwaloni, kule wanakooshea mchanga wa dhahabu, amezeeka kuliko mama, miguu ndani ya tope jekundu. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba. Nikasimulia yote bila kujipunguzia. Alinisikiliza vizuri, akanishika bega kwa mkono uliolowa, akatabasamu kwa huruma. "Sayi mwanangu," alisema, "mtoto mwema humfunika mama yake. Mama yako amezaa." Niliapa. Nililia. Kadiri nilivyoapa ndivyo alivyozidi kunisifu, na mwisho akanifungia viazi vya kula njiani.

Siku hizi lambo limejaa mchanga, na mfereji ni njia ya ng'ombe. Wawili watatu wenye pampu huvuta kile kinachobaki baada ya mvua, hawamwulizi mtu, na hakuna zamu ya kugombania. Zamani tuligombana kwa sababu tulikuwa na kitu cha kugawana. Kijiji sasa kinachota kwenye kisima kimoja kifupi, na mama hufika pale alfajiri kabla ya wote, akaketi pembeni. Anawapisha wanawake, anawapisha wasichana, anawapisha hata watoto waliotumwa na vidumu. Nilipokuwa naye nilimsihi achote, foleni ilikuwa yake. "Waache wapite kwanza," alisema, "wasije wakasema." Tulichota jua likiwa limeshapanda, na ndoo yetu ilijaa tope.