Kengele ya Mama Mkwe

Kwetu mama halali chini ya paa moja na mwanawe aliyeoa. Awe mgonjwa, awe hajiwezi, atajengewa kibanda chake uani. Serikali ilipomhamishia mume wangu Lodwar, miaka ya sabini, hatukuiacha desturi hiyo nyuma huko Kitale. Basi mama mkwe alipoletwa kwetu kwa sababu ya pumu, maana daktari alisema baridi ya nyumbani ndiyo iliyombana kifua, tulimjengea kibanda cha makuti ya mkoma ng'ambo ya ua.

Shida ilikuwa upepo. Upepo wa mchana wa Lodwar hauna adabu, unakupokonya neno kabla mwenzako hajalisikia. Na pumu ilipomshika mama, sauti yake haikuwa sauti tena. Vidonge vyake nilivitunza mimi ndani ya nyumba, kando ya mtungi wa maji, kwa kuwa joto la kibandani lilikuwa likiviharibu. Ilikuwa lazima aweze kuniita.

Mume wangu alifurahi, sitaficha. Alikuwa karani, lakini moyo wake ulikuwa kwenye nyaya. Meza yangu ya kulia chakula ilijaa matumbo ya redio za watu, na mara ngapi nimepakua mboga nikakuta skrubu! Sasa alikuwa amepata kazi ya maana. Angemtengenezea mama yake kengele.

Mara ya kwanza alitaka kutumia betri ya lori. Aliazima moja kwa dereva mmoja, akaiunganisha na waya mwembamba kama uzi wa kushonea. Ncha mbili zilipogusana, waya wote ukawa mwekundu, ukachora mstari mweusi kwenye mkeka wa mama. Ukuta wa makuti ulikuwa umbali wa mkono. Asidi nayo ilikuwa imeshamtoboa suruali pajani.

"Wewe unataka kumchoma mama?" nikamuuliza.

"Makosa ni ya waya," akasema. "Betri kubwa inataka waya mnene, na fyuzi. Fyuzi sina."

"Kama huna, rudisha hiyo kitu kwa mwenyewe."

Mama alikuwa akitucheka kutoka kitandani. Mume wangu aliirudisha betri, akaamua kutumia mawe ya tochi, zile betri ndogo kavu. Mawe hayachomi mtu, alisema, na kweli hayakutuchoma.

Kengele yenyewe ilikuwa kikombe cha kengele ya baiskeli. Alizungushia waya kwenye bolti kuukuu, ili umeme ukipita ivute kijinyundo kigonge kikombe, akafunga mawe manne pamoja kwa mpira wa tyubu, akapitisha nyaya juu ya kamba ya nguo mpaka jikoni kwangu. Kibonyezo alikitengeneza kwa vipande viwili vya bati alivyokata kwenye kopo la mafuta ya kupikia, akavipigilia kwenye kigogo kidogo. Kimoja kilikaa juu ya mwenzake, na ukikibonyeza vinagusana, kengele inalia. Ukiachilia, kinarudi juu, inanyamaza.

Ilifanya kazi, tena sana. Mama alinipigia usiku wa pumu, na mchana alinipigia kuniuliza kama ugali umeiva. Nilinung'unika, lakini nilipenda kuitwa.

Ila mawe hayakupatikana kila siku. Lori likikwama Kalemng'orok, au mto ukijaa huko Lokichar, dukani hukuti hata moja. Mume wangu akafanya kama tulivyofanya sote nyumbani: akayaanika juani yarudishe nguvu. Huko kwetu jua ni la kuota, unaweka mawe juu ya paa asubuhi, jioni redio inaimba. Lodwar jua ni la kupika. Mengine yalitapika maji ya kahawia yenye kunata. Yasiyotapika aliyajaribu kwa balbu ya tochi, na balbu ilipowaka, aliyafunga kwenye kengele akaenda zake kazini akiwa na amani. Lakini balbu ni mtoto, hushiba kidogo. Ile bolti yenye waya ilikuwa na njaa ya mtu mzima.

Mama alikufa mchana mmoja wa upepo. Nilikuwa jikoni nikichambua maharagwe, chini kabisa ya kengele, na sikusikia kitu. Nilimpelekea chai, nikamkuta amelala ubavu, amefumba macho, kibonyezo kimeanguka chini ya kitanda.

Tulimrudisha nyumbani kwa lori. Pale kaburini ndugu zake mume wangu walimwuliza swali moja tu, mmoja baada ya mwingine: Je, aliita? Naye akawajibu kila mmoja, "Mke wangu alikuwa pale pale jikoni. Kengele haikulia." Wakashukuru Mungu. Maana yake mama alijilalia tu, hakuteseka. Dada za mume wangu wakatulia kwa neno hilo, na nilimwona yeye mwenyewe akilishikilia kama mgonjwa anavyoshika ukingo wa kitanda.

Tuliporudi Lodwar, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kununua mawe mapya na kuyafunga kwenye kengele. Sikumwuliza kwa nini. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kesho yake mchana, kibanda kitupu, kibonyezo bado kimo ndani, mlango umefungwa kwa kamba, kengele ikalia.

Nilimwaga unga. Ililia kidogo, ikanyamaza, ikalia tena. Mume wangu aliyekuwa amekuja kula aliinuka, akavuka ua, akasimama mlangoni pa kibanda akasema, "Naam, mama."

Ikawa hivyo siku nyingi. Asubuhi kimya, jua likikaza kengele inalia, na yeye anakwenda kuitika. Mama mmoja Mturkana aliyetuletea maziwa alikuwapo siku moja. Alikitua kibuyu chake chini.

"Ejok, mama," akanisalimu kwa Kiturkana. "Nani napiga hiyo?"

"Hakuna mtu."

"Kama hakuna mtu, mbona bwana yako najibu?"

Akafungua ncha ya shuka, akatoa tumbaku, akaiweka kidogo pale mlangoni pa kibanda, sadaka kwa aliyekufa. Toka siku hiyo maziwa aliyaacha nje ya uzio.

Tulipohamishiwa Kakuma nilishukuru. Nilijiambia kibanda kinabaki, naye mama atabaki nacho. Kumbe mume wangu alikuwa ameifunga kengele ndani ya blanketi. Kakuma akaitundika ukutani, kibonyezo akakiweka dirishani, nami sikuwa na nguvu ya kugombana na mtu anayeomboleza. Mchana wa kwanza ikalia. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Ametufuata, nikasema, ametufuata mpaka Kakuma, anataka nini kwetu?

"Nyamaza," akasema. "Nyamaza nifungue."

Alikichukua kibonyezo, akakigeuza huku na huku kwenye mwanga. Akakipeleka kivulini, akakimwagia maji ya mtungi. Kengele ikanyamaza. Akakirudisha juani, tukangoja. Ikalia.

"Ni bati," akasema. "Hili la juu limepinda. Likiwa baridi halifiki chini. Likipata moto linatanuka, linagusa."

"Bati tu?"

"Bati tu."

Nilicheka. Nilikaa sakafuni nikacheka mpaka machozi yakatoka, kwa jinsi nilivyokuwa nimeogopa kipande cha kopo. Nilipoinua macho yeye alikuwa amekichomoa kibonyezo kwenye nyaya, bado amekishika. Alikata kipande kingine kwenye kopo la aina ile ile, akakipigilia kando, akaweka kidole gumba juu yake, akabonyeza. Bati likashuka, likarudi juu. Akabonyeza zaidi, kucha ikawa nyeupe. Likarudi juu vile vile.

"Lile la mama halikupindwa na joto," akasema. "Joto haliwezi."

Nikaacha kucheka.

"Mama alikuwa hawezi hata kufungua kifuniko cha chupa," akasema. Akaweka gumba la pili juu ya la kwanza, akalalia kibonyezo kwa kifua chake chote, mpaka bati likakunjika na kubaki chini. Kengele ya ukutani haikuwa imeunganishwa, kwa hiyo chumba kilikuwa kimya, kama jikoni kwangu siku ile.

"Hivi," akaniambia. "Alibonyeza hivi."