Siku Maikrofoni Ilipomkataa Mama

Harufu ya petroli ikichanganyika na udongo uliotoka kulowa hunirudisha kanisani kwetu, nje kidogo ya Mutomo, kiangazi kimoja cha miaka ya sabini. Nilikuwa msichana wa miaka tisa, mwenye maswali mengi kuliko meno.

Kanisa lilikuwa limekodi jenereta, amplifaya ya kukuza sauti na vipaza sauti kwa mkutano wa injili wa siku tatu. Jenereta iliwekwa nyuma ya jukwaa, ikinguruma na kutetemeka kama mbuzi mwenye homa. Sisi watoto tuliambiwa tusiisogelee. Tukaisogelea.

Siku ya kwanza pasta alihubiri mpaka sauti ikamkauka, maikrofoni mkononi, bila tatizo lolote. Kisha akampa mama yangu, kiongozi wa kwaya, aanzishe wimbo. Mama alikuwa pekupeku, kama wanakwaya karibu wote. Alipoishika tu alipiga ukelele, mkono ukaruka nyuma, akaanguka kwa magoti. Maikrofoni ikabingiria mavumbini.

Mtu akakimbia kuzima jenereta. Katika kimya kile nikasikia mwanamke nyuma yangu akinong'ona, "Maikrofoni imemkataa. Kuna kitu huyo mama ameficha."

Kufikia jioni neno hilo lilikuwa limefika hadi kwenye visima vya mchangani, mtoni. Mama alikaa akijikanda kiganja, na asubuhi akasema haendi kuimba tena.

Asubuhi hiyohiyo aliitwa fundi Kyalo, mtu wa Mukuyuni aliyewahi kutunza mitambo katika shamba la katani. Nilimfuata kila hatua, naye hakunifukuza. Kwanza alihakikisha jenereta imezimwa. Halafu akapapasa waya polepole, shibiri kwa shibiri, mpaka vidole vikasimama.

"Unaona hapa? Mpira imeisha. Waya inagusa bati ya amplifaya, stima imeingia kwa mwili ya mashine mpaka kwa maikrofoni. Sasa inatafuta njia ya kwenda chini."

"Na mbona haikushika pasta?"

"Pasta alikuwa na viatu ya mpira. Mama yako alikanyaga udongo."

Aliutupa waya ule, akafunga mwingine wenye nyuzi tatu, uzi wa tatu ukishika bati la amplifaya. Kisha akafunga waya mnene kwenye mwili wa jenereta, na ncha yake nyingine kwenye nondo ndefu aliyoipigilia ardhini mpaka ikabaki kipande cha kushikika tu. Akachota udongo, akausugua viganjani, ukapeperuka kama unga.

"Hii imekauka sana, haiwezi kubeba stima," alisema. "Nipeni maji. Debe moja."

Maji! Punda wetu walikuwa wakitoka alfajiri kuyafuata. Mzee mmoja wa kanisa akaguna, "Watoto hawajakunywa, na wewe unataka kunywesha chuma?"

Nilikimbia nyumbani kumwambia mama yote niliyosikia. "Mwaitu, si wewe! Ni waya!" Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akabeba mgongoni mtungi wetu wa maji ya siku ile, kamba ikipita kwenye paji la uso, akatembea nao hadi kanisani mbele ya watu wote, akaumimina pale kwenye nondo.

"Kama udongo utabeba hii kitu badala ya mtu," alisema, "wacha ukunywe."

Jenereta ikawashwa. Kyalo akapima kwa taa yake ndogo ya majaribio, bati hili na lile, mara mbili. Haikuwaka; stima haikuwamo tena kwenye bati. Watu walikuwa wamesongamana wakitazama. Ndipo akainama, akafungua kamba za viatu vyake, akavua hata soksi, akasimama palepale mama alipoangukia. Akaishika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Moja, mbili. Moja, mbili." Akamnyooshea mama. "Karibu, mama."

Mama aliichukua. Akaanzisha wimbo.

Wakati ule nilidhani fundi alivua viatu kwa heshima ya nyumba ya Mungu. Miaka ilipita, nikawa mimi mwenyewe nafundisha vijana kazi ya stima, na siku moja, katikati ya somo, chaki mkononi, ndipo nikaelewa. Ile taa ya majaribio ilikuwa imeshamwambia kila alichohitaji kujua. Lakini fundi yule alijua mnong'ono hauuawi na maelezo. Angeishika akiwa na viatu, watu wangesema imemkubali fundi kama ilivyomkubali pasta, na mama angebaki peke yake.