Viti Tulivyovipima Vikiwa Vitupu

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya vifaa vya walemavu, pale Tororo, nilivaa shati jeupe. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kwa kuwa karakana ilikuwa ndani ya uzio wa hospitali, nilidhani nimepata kazi ya hospitali. Mkuu wa Karakana, mzee wa Kipadhola aliyepungukiwa vidole viwili, alinitazama kidogo, kisha akalaza ubao juu ya matofali.

"Kaa hapo. Usisogee mpaka nikuambie."

Nilikaa. Kabla ya saa sita matako yalikuwa yanawaka moto, nikajisogeza.

"Mbona umesogea?"

"Naumia, Mzee."

"Una bahati, unaumia. Aliyevunjika mgongo haumii. Anakaa tu, nyama inabanwa kati ya mfupa na kiti mpaka inakufa. Hicho ndicho kidonda cha kukaa, na kinaua watu. Sasa kavue hilo shati."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulipima upana wa nyonga, urefu wa paja na kimo cha mgongo kwa futi ya fundi cherehani, tukakata sponji, tukachomelea fremu. Mtu mwenye mikono yenye nguvu tulimtengenezea baiskeli ya magurudumu matatu, inayoendeshwa kwa pedali za mkono zilizo mbele ya kifua. Mimi sijawahi kutulia mahali pamoja, kwa hiyo kila alipotakiwa mtu wa kwenda vijijini nilinyoosha mkono. Nilikwenda Molo, ambako mashimo ya barabara yalikula spoku za magurudumu yetu kuliko kutu. Nilikwenda Bulumbi, nikakuta kiti chetu kimeanikiwa karanga uani na mwenyewe ameketi sakafuni ndani ya nyumba. Mlango ulikuwa mwembamba kuliko magurudumu. Tulikuwa tumempima mtu, mlango hatukuupima. Tukaupanua, nikaendelea na safari.

Kisha nikapelekwa Busia, mji wa mpakani, kwenye kliniki ya viti iliyofanyika kila Jumanne. Mkubwa wangu huko alikuwa Mratibu, mama makini asiyependa kelele. Ndipo nilipokutana na Ajambo, mwanamke wa Kisamia aliyeanguka kutoka juu ya lori la kabichi na kupoteza hisia zote za miguuni na nyongani. Alikuwa anatumia baiskeli yetu ya magurudumu matatu, na alikuwa na kidonda cha kukaa upande wa kushoto. Muuguzi alikiosha na kukifunga kila Jumanne, mimi nikambadilishia sponji mara tatu, lakini kila alipokuja kilikuwa kimechimbika zaidi. Muuguzi aliniambia bila kuzunguka kwamba kikifika mfupani, huyu mama hatapona.

Jumanne moja niliinama chini ya kiti chake kukaza bolti, nikaona mashimo manne kwenye fremu. Karakana haikuyatoboa. Kingo zake ziling'aa, hazina kutu. Kulikuwa na kitu kilichofungwa pale siku zote na kufunguliwa siku ya kliniki.

Kesho yake asubuhi nilikwenda mpakani. Wenye baiskeli za aina ile huvuka na bidhaa za wafanyabiashara, na hiyo ndiyo ajira yao. Ajambo alikuwa kwenye foleni. Nyuma ya kiti chake kulikuwa na sanduku la mbao lililojaa mitungi ya mafuta ya kula, limefungwa kwenye fremu ya kiti chenyewe. Mzigo ulikuwa umekivuta kiti kikalalia kushoto, na uzito wote wa mwili wake umekaa juu ya mfupa mmoja.

"Eh, daktari wa vyuma!" akaita. "Umekuja kunikamata?"

"Mimi si askari, dada."

"Kweli. Askari gani anavaa viatu kama hivyo?" Wenzake wakacheka.

"Hili sanduku hujalileta kliniki hata siku moja."

"Nikileta, ninyi nachukua baiskeli. Si karatasi yenu nasema hivyo? Jumanne sisi wote nafungua, naacha kwa mama wa chapati."

"Kidonda kitakuua, Ajambo."

"Na njaa? Niko na watoto wanne, fundi. Kidonda mimi sisikii. Njaa nasikia."

Fomu yetu ilisema kwamba mgonjwa akibadilisha kifaa, kifaa kinarudishwa. Nilimweleza Mratibu nilichokiona.

"Basi andika, baiskeli irudishwe. Tukimwachia yeye, na wengine watafunga masanduku."

"Wameshafunga, Madamu. Wote."

Akafungua faili lingine. "Hatukutoa magari ya mizigo. Andika."

Alhamisi nilimwita Ajambo kwenye banda la kliniki. Nililing'oa lile sanduku kwenye kiti, nikachomelea mabano mapya ya chuma ya kulishikia kwenye ekseli ya nyuma, ili mzigo ubebwe na magurudumu, kiti kisiguswe. Nikampima upya, mitungi yote ikiwa nyuma yake. Halafu nikaandika kama nilivyoagizwa: kifaa kimebadilishwa, aliyekibadilisha, fundi wa kliniki. Nikatia jina langu. Kanuni ilimtaja mgonjwa, fundi haikumtaja.

Mratibu aliisoma fomu mara mbili.

"Hii itafika makao makuu. Utahamishwa."

"Nimezoea kuhama, Madamu."

Barua ya uhamisho ilichelewa wiki sita. Jumanne ya kwanza baada ya kuitengeneza baiskeli ya Ajambo, wenzake wa mpakani walikuja na masanduku yao, mengine yakiwa bado na unga ndani. Mratibu alisimama mlangoni, akaiangalia ile foleni mpaka mwisho wake.

"Pima haraka," akaniambia. "Wanaziba njia."

Nilimalizia kazi Osukuru. Sijafika hamsini, lakini macho ya mchomeleaji huzeeka kabla ya mwenyewe, na niliposhindwa kuona mshono wa chuma nikarudisha spana. Ninyi mnaoingia kazini sasa mna viti vyepesi na fomu za kwenye simu. Naomba mkumbuke tu kwamba mgonjwa anayekuja kliniki amejiandaa kwa ajili yenu. Mtafuteni pia siku ambayo hakuwatarajia, mahali anapopatia chakula chake, kisha ndipo mtoe futi.

Bado nazunguka. Mwezi uliopita nilipita Busia, nikamkuta Ajambo kwenye foleni na sanduku lake. Nikamuuliza habari za kidonda.

"Kidonda?" Akafikiri. "Kilikuwa upande gani vile?"

Nikamwonyesha kushoto. Akatikisa kichwa, akashika pedali, maana foleni ilikuwa imeanza kusogea.